Glopu Nyembamba

Valvu nne za redio zilikuwa zimefungwa ndani ya kipande cha gazeti, kama karanga. Seremala alizimimina juu ya meza yake ya kupigia randa, akazipanga kwa kidole.

"Za dada yangu hizi," alisema. "Zote zimekufa kwa mpigo mmoja. Hebu nambie zimeuawa na nini."

Nilizishika moja moja nikazielekeza mlangoni kwenye mwanga. Ndani ya kila kichupa kuna uzi unaowaka, mwembamba kiasi kwamba hata ukiwa mzima inabidi ukodoe macho kuuona. Zote nne nyuzi zilikuwa zimekatika. Kuliona hilo hakuhitaji kisomo, na mie kisomo sikuwa nacho. Niliacha shule darasa la tatu, nikaondoka kwetu Unyamwezini kwenda kukata mkonge. Baada ya mkonge ikaja reli, baada ya reli vita. Jeshini nilibeba betri za simu mgongoni kwa miaka mitatu, na kwa kuwa nilikuwa nikizibeba nilitaka kujua ndani mna nini. Nilifungua moja. Nilipewa adhabu, lakini nilijua.

Baada ya vita nilizunguka tena, bandarini, mashambani, popote, mpaka nikachoka. Nilipofika Keko seremala huyu alinipa kona ya karakana yake, karibu na rundo la mbao za mninga, nikawa natengeneza tochi, taa za baiskeli na redio chache. Alikuwa mtu wa pwani, Mzaramo, na mie Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Alinipokea kwa matusi, akanilisha kwa miezi miwili bila kuniuliza nitaondoka lini.

Dada yake alikuwa akikaa Temeke, mjane wa makamo, na mwanawe mmoja tu. Kijana yule alikuwa askari, amepelekwa ng'ambo, mashariki ya mbali, kwenye misitu ya mvua. Redio aliinunua yeye kabla ya kuondoka, akamwambia mama yake kwamba siku moja askari wataruhusiwa kutuma salamu, nazo zitarushwa hewani kwa sauti zao wenyewe. Basi mama yule alikuwa akiisikiliza redio kama mtu anavyosikiliza mlango.

Nilikwenda Temeke kuiona. Alinikuta nimesimama uani kwake na kikapu cha vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe Mnyamwezi wa ndugu yangu? Mbona mzigo umebeba mkononi? Nilidhani nyie mnazaliwa nao kichwani."

"Tuliuweka chini, mtani, tulipoona Wazaramo wamelala njiani, tusije tukawakanyaga."

Alicheka mpaka akaketi. Kuanzia hapo nikawa mtani wake pia, na sikuwahi kufika nyumbani kwake nisitukanwe.

Umeme siku hizo uliishia mjini. Huku kwetu redio iliishi kwa betri mbili. Betri ndogo, yenye nguvu ndogo, iliwasha nyuzi za valvu. Betri kubwa, nzito kama tofali, ilikuwa na nguvu mara sitini ya ile. Hiyo ndiyo iliyotoa sauti. Kila betri ilikuwa na nyaya zake mbili. Ukiziweka nyaya za betri kubwa mahali pa betri ndogo, nyuzi zote hukatika kufumba na kufumbua.

Waliotengeneza redio ile huko kwao walilifahamu hilo, wakaweka plagi za maumbo mawili ili mtu asiweze kukosea. Ila hawakujua kwamba duniani kuna watu wanaoanika betri. Temeke betri ikichoka haikutupwa. Iliwekwa kwenye ungo, ikapandishwa juu ya banda la kuku, kando ya makopa ya muhogo, ikapigwa jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Jua liliirudishia uhai wa siku mbili tatu, kisha ikaanikwa tena. Nilimcheka mtu wa kwanza niliyemwona akifanya hivyo, kisha nikajaribu, na ikafanya kazi. Lakini kuianika ni kuichomoa, na kuirudisha ni kuichomeka, na plagi haikuumbwa kwa kazi hiyo ya kila wiki. Ya mama yule ilivunjika. Mtu fulani akaikata, akaacha nyaya nne tupu zinaning'inia kama miguu ya pweza.

"Ni mie niliyekosea," alisema. "Jua limezama, nimetoka kuswali, macho yenyewe ndiyo haya. Waya mwekundu na wa kahawia kwangu sawasawa."

Dukani mjini nilipata valvu nne za aina ile. Mwenye duka aliniambia ndizo za mwisho, nyingine zitakuja na meli, na meli yenyewe hakujua lini. Kwa hiyo sikuziweka. Nilizifunga kwenye pamba, nikamwambia mtani wangu anisubiri. Nilitaka kwanza nipate kitu cha kufa badala ya valvu.

Kitu hicho watu wa umeme wanakiita fyuzi. Mjini kila nyumba ilikuwa nazo ukutani, nami nilipata kipande cha waya wake. Ila fyuzi ya nyumba inalinda nyumba. Uzi wa valvu unahitaji umeme kiduchu, chini hata ya ule wa tochi, na unakufa kwa umeme ambao waya wa fyuzi ya nyumba hauuhisi kabisa. Ni kama kumweka tembo alinde yai.

Nilikuwa na valvu tatu kuukuu, zilizochoka kutoa sauti lakini nyuzi zao bado nzima. Fundi mmoja wa mjini alikuwa azitupe, nikamwomba. Hizo ndizo nilizotumia. Kwanza nilichukua unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa taa, nikaupitishia njia ya betri kubwa, kisha nikafanya kosa makusudi. Valvu ilimulika kwa weupe, ikazima. Unywele wa shaba nikaugusa: baridi.

"Imebaki mbili," seremala alisema huku akiendelea kupiga msasa mguu wa kiti.

Nikakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa wembe, vipande vyembamba kama ndevu za mahindi. Kimoja kiliungua vizuri, nikafurahi. Cha pili, nilichodhani nimekikata sawa na cha kwanza, hakikuungua. Valvu ya pili ikaenda.

"Moja."

"Nahesabu mwenyewe, mtani."

"Huhesabu. Unaua."

Kwa siku kadhaa sikugusa kitu. Kisha mlinzi wa ghala la jirani alikuja na kurunzi yake, analalamika. Ilikuwa ya mawe mawili ya betri, naye alitaka iwake zaidi, akaunganisha kipande cha bomba akatia manne. Glopu ilipiga *pa*, ikawa nyeusi. Niliitoa nikaitazama, na uchovu wote ukanitoka. Glopu ni uzi mwembamba ndani ya kichupa, uliopimwa kiwandani, kila mmoja sawa na mwenzake, wala haukutegemea mkono wangu na wembe wangu. Ukiiweka kwenye njia ya betri kubwa, redio ikiwa salama umeme unaopita ni haba, glopu hailalamiki wala haiwaki. Mtu akikosea nyaya, mafuriko yanakuja, na uzi wa glopu unakatika kabla ya nyuzi za valvu.

Nilikuwa na glopu za aina mbili: ya taa ya baiskeli, yenye uzi mnene kidogo, na ya kurunzi ile ndogo ya mfukoni ambayo madaktari huangalizia koo, glopu kama punje ya choroko. Na valvu moja ya kujaribia. Nilijiuliza nianze na ipi. Kama nene ingeshindwa, nisingebaki na cha kujaribia nyembamba. Nikaanza na nyembamba. Nikafanya kosa makusudi. *Pa*. Glopu nyeusi, valvu nzima.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza. Mimi niliyefungua betri ya jeshi nikaadhibiwa, nilikuwa nimechoka, mikono inanuka lehemu, nikajiambia kwamba kilicho chembamba zaidi ndicho kinacholinda zaidi. Nilipakia vifaa vyangu. Valvu ile moja nzima niliiweka mfukoni, na ile glopu ya baiskeli sikuijaribu kamwe.

Temeke nilitia valvu mpya, nikalehemu glopu nyembamba kwenye waya wa betri kubwa, na kwa ajili ya macho ya mama nikafunga uzi kwenye nyaya: fundo moja kwa nyaya za betri ndogo, mafundo mawili kwa za betri kubwa. Ndani ya redio na juu ya betri nilifunga vivyo hivyo. Alizipapasa akiwa amefumba macho.

"Moja na moja. Mbili na mbili. Loo, mtani, kumbe kichwani hamkuwa na mzigo tu."

Kwa miezi miwili aliichomoa betri, akaianika, akairudisha, gizani na mchana, wala hakukosea hata mara moja. Nilianza kujiona mtu. Watu wengine wakaniletea redio zao niwatie "glopu ya Mnyamwezi." Nikatia.

Kisha karani wa kambini akamletea mama habari: Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, salamu za askari, na mwanawe yumo. Barua niliisoma mie mwenyewe, polepole, mara tatu, kwa kuwa alitaka kusikia mara tatu.

Wanawake wenzake wa chama cha ngoma walifanya mchango. Walisema haiwezekani kijana aongee kwa betri ya kuanikwa, sauti inakuja kama ya mtu aliye kisimani. Wakamnunulia betri kubwa mpya, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Aliiweka kitandani mpaka siku yenyewe.

Ijumaa mimi na seremala tulitoka Keko kwa miguu. Tulipofika chumba kilikuwa kimejaa, wanawake wamekaa mkekani kwa kanga za sare, udi umefukizwa, redio juu ya meza imevikwa kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa ameshaunganisha betri mpya mwenyewe. Hakuiwasha, maana hakuna mtu aliyewasha redio kabla ya saa yake. Betri ni kama maji ya kununua.

"Mtani umechelewa," alinipokea. "Nilidhani umekutana na mzigo njiani ukashindwa kuuacha."

"Nilimkuta ndugu yako kalala juu yake."

Wanawake wakacheka. Mmoja aliyekuwa na saa akasema, "Tayari." Mama akasema bismillah, akageuza kitufe.

*Pa*. Sauti ndogo, kama ganda la karanga. Baada yake, kimya.

Alizima, akawasha. Kimya. Chumba kizima kilinitazama mie, kisha seremala akamgeukia dada yake.

"Umekosea nyaya."

"Sijakosea."

"Dada, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukikosea nyaya inajizima. Si ndivyo, fundi?"

"Ndivyo," nikasema.

"Mafundo mawili na mafundo mawili," mama alisema. "Nimeyapapasa. Nimeyapapasa mara nne."

Niliondoa kitambaa, nikafungua ubao wa nyuma. Glopu ilikuwa nyeusi. Ningeweza kuunganisha waya moja kwa moja, nikaipita glopu. Ilikuwa kazi ya kuvuta pumzi tano. Lakini kama amekosea, nikiunganisha, valvu za mwisho zinaungua mbele ya macho yangu. Na glopu ilikuwa ikiniambia kwamba amekosea. Kwa hiyo nikaanza kufuata nyaya. Niliufuata wa kwanza kutoka kwenye betri mpaka ndani, kidole juu yake. Nikaufuata wa pili.

"Kijana anaongea sasa hivi," mwanamke mmoja alisema kwa upole. Hakunisemesha mie.

"Nimesema sijakosea," mama alirudia. "Mtani. Nitazame. Sijakosea."

Sikumtazama. Nilifuata waya wa tatu. Mikono ilikuwa ikitoka jasho na fundo la uzi liliteleza, nikalazimika kuanza upya. Wa nne nao ulikuwa mahali pake. Zote zilikuwa mahali pake. Nikazikagua tena, kwa maana sikuelewa. Ndipo nilipoikata ile glopu kutoka kwenye waya, nikasokota ncha mbili kwa vidole, nikageuza kitufe.

Redio ya betri haisubiri kupata moto. Sauti ilikuja papo hapo, kubwa, safi, kama mtu yuko chumbani. Askari fulani alikuwa akiwasalimu wazazi wake wa Songea na shangazi na ng'ombe wake. Baada yake akaja mwingine, wa Kondoa. Tukawasikiliza wote mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema kwamba kijana wetu ameshapita.

Hatukukaa muda mrefu mlango ukajaa watu. Walikuwa wanatoka mgahawani, barabara ya sokoni, ambako kulikuwa na redio nyingine. Walikuja mbio, na furaha tele.

"Tumemsikia! Mama, tumemsikia mwanao!"

"Kasema shikamoo mama, mie mzima."

"Hakusema mie mzima. Kasema sijambo, mvua nyingi."

"Kamsalimu na mjomba wake seremala."

"Sauti ikoje?" mama akauliza.

Wakatazamana. "Nzuri," mmoja akasema. "Nzito nzito hivi," akasema mwingine. "Imekuwa ya mwanamume."

Aliwasemesha tena na tena, kila mmoja peke yake, kama hakimu. Seremala alikaa pembeni akinong'ona na mwanamke mmoja, nikamsikia akisema kwamba dada yake macho yamekwisha, ndiyo sababu. Maneno hayo yalianza kuzunguka chumbani. Nilikuwa na ile glopu mkononi, ndogo kama choroko, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaelewa.

Ndani ya redio mna kitu kama mtungi, kinachohifadhi umeme. Unapowasha, mtungi ule unajaa kwanza. Betri iliyoanikwa inamimina kwa tone, mtungi unajaa taratibu, na glopu haina habari. Betri mpya inamwaga yote kwa mara moja. Ni funda moja tu, si ugonjwa, ni nguvu ya kitu kizima. Lakini glopu yangu ilikuwa nyembamba mno kutofautisha nguvu na maradhi. Miezi miwili yote niliijaribu kwa betri zilizochoka, nami kwa fahari nikasema imefaulu. Ile ya baiskeli ingelivumilia funda lile.

"Hakukosea," nikasema. Hawakunisikia. Nikasimama. "Jamani, mama hakukosea. Nyaya zote ziko sawa. Glopu niliyotia ni mbaya. Kosa langu."

Seremala aliinamisha kichwa. Mama alinitazama. Nilikuwa nikisubiri tusi, nimejiandaa nalo, hata nilikuwa na jibu. Angenitukana ningepona.

"Ahsante, bwana fundi, kwa kusema," alisema. "Mpeni fundi chai. Katoka mbali."

Hakuniita mtani siku ile, wala wiki iliyofuata nilipokwenda kutia glopu ya baiskeli baada ya kuijaribu kwa betri mpya na kwa kosa la makusudi, mara kumi, kwa valvu ile niliyoweka mfukoni. Alinishukuru, akanisindikiza mlangoni. Nilizungukia nyumba zote nilizotia glopu nyembamba, Temeke, Keko, mpaka Kinondoni kwa mguu, nikazibadilisha moja moja. Wengine walinishangaa, zao hazikuwa na tatizo lolote. Ni kweli, hazikuwa nalo. Zilikuwa na betri za kuanika.

Salamu nyingine haikuja. Mwaka uliofuata kijana mwenyewe alirudi, mrefu, ngozi imeiva kwa jua na homa, akamchinjia mama yake mbuzi. Seremala alinivuta twende. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka. Kijana aliigusa redio, akaipapasa mafundo yake, akacheka.

"Mama, ile Ijumaa mlinisikia?"

Nilitazama sahani yangu.

"Nilikusikia, mwanangu," mama alisema. "Sauti yako ilikuwa nzito."

"Mafua. Nilikuwa na mafua wiki nzima."

"Nilijua," akasema. "Nikawaambia hawa, huyu mtoto ana mafua." Kisha bila kunitazama, akinisogezea bakuli la nyama, "Mtani, mbona huli? Au Mnyamwezi mpaka umtwishe?"

Nilikula. Sikuwa na njaa, lakini nilikula chote.